Kitabu Chenye Doa la Mchuzi

Ndugu msomaji, ukiingia katika nyumba nyingi za wafanyakazi hapa mjini utakuta sebuleni kabati la vioo. Humo hukaa vikombe vya wageni, sahani zisizopakuliwa chakula, na pengine vitabu vitatu au vinne vilivyopangwa kwa unadhifu. Watoto wameonywa wasiviguse. Kila nilionapo kabati la namna hiyo hukumbuka kosa nililolifanya ujanani, nilipokuwa mwanafunzi wa ukutubi katika mafunzo kwa vitendo.

Ulikuwa mwaka 1981. Nilipelekwa kwa miezi miwili katika maktaba ya kijiji kimoja cha Usukumani, katika nchi ya wakulima wa pamba. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu hapo akina mama na akina baba kwa mamilioni walikaa madarasani, na mara nyingi chini ya miembe, wakajifunza kusoma na kuandika. Aliyefaulu hatua ya tatu au ya nne katika mtihani wa taifa alihesabiwa kuwa ameushinda ujinga. Lakini kujua kusoma ni kama shamba. Usipolipalilia, magugu hurudi. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini, zenye vitabu vya Kiswahili chepesi juu ya pamba, mifugo, afya na malezi ya watoto. Kanda ile ya Ziwa ilikuwa hata na gazeti lake la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza.

DAFTARI NA MUHURI

Maktaba niliyoikuta ilikuwa chumba kimoja chenye meza, mabenchi mawili na makabati mawili. Mkutubi wake alikuwa mzee mkulima, aliyefungua mlango alasiri baada ya kutoka shambani. Vitabu havikuwa na namba. Msomaji alikuja akasema, "Mzee, nipe kile chenye picha ya ng'ombe," naye akanyoosha mkono akakitoa bila ya kutazama. Daftari la kuazima lilikuwa na majina mengi na tarehe chache.

Mimi, ndugu msomaji, niliona vurugu tupu. Nilikuwa nimefundishwa mfumo wa Melvil Dewey, uliotungwa mwaka 1876, ambamo kila elimu ina namba yake: kilimo 630, utabibu 610, mapishi na mambo ya nyumbani 640. Nilibandika namba, nikagonga mihuri, nikachora mistari daftarini, nikatundika ukutani karatasi ya masharti. Kitabu kirudi baada ya siku 14. Atakayekichafua atalipa. Si wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari?

Wiki ya nne akaja mama mmoja, aliyefaulu hatua ya tatu, kurudisha kitabu cha malezi ya watoto. Siku zilikuwa zimepita, jalada limelegea, kurasa zina masizi, na katikati pana doa kubwa la mchuzi. Nilikinyanyua kitabu kile mbele ya watu waliokuwapo, nikamwuliza kama nyumbani kwake vitabu huliwa. Watu wakacheka. Mama yule hakujibu neno. Alifungua pindo la khanga yake, akaweka shilingi mezani, akaondoka.

Mzee mkutubi alingoja mpaka watu walipokwisha toka. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemsema mwanawe, "Kijana, mafuta ya taa hayapatikani. Mama yule husoma kwa mwanga wa moto wa jikoni, huku anapika. Majirani wasiojua kusoma hukaa hapo wakamsikiliza. Doa hilo ndiyo kazi ya kitabu." Akafungua kabati akanionyesha vitabu nilivyovisifu kwa usafi wake. Vingi havikuwa vimeazimwa hata mara moja.

Kesho yake tulikwenda pamoja nyumbani kwa mama yule. Nilimrudishia fedha yake nikamwomba radhi. Alinikaribisha kigoda, akanipa maji ya kunywa, akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Msamaha alinipa, kitabu hakuchukua. Niliongeza majuma mengine nikimtazamia kila alasiri, na nilipoondoka jina lake lilikuwa halijaandikwa tena daftarini. Wala majirani wale hawakuja.

KITABU NI CHA NANI?

Ripoti yangu ilipata alama nzuri, kwa kuwa ilieleza habari za namba na mihuri. Baadaye, katika masomo yangu, nilikutana na kanuni tano za ukutubi alizozitoa Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, mwaka 1931. Ya kwanza kabisa yahusu jambo lile lile alilonifundisha mzee mkulima: kwamba vitabu vipo ili vitumiwe. Sidharau daftari hata leo. Bila daftari kabati lingekuwa tupu. Lakini daftari ni mtumishi wa msomaji, nami nilikuwa nimemgeuza kuwa askari wa kumfukuza.

Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma wamepungua hata kuwa chini ya 10 katika kila watu wazima 100. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba wanaojua kusoma ni takriban 78 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Hesabu hizo hazikupatikana kwa njia moja, na sababu za tofauti ni nyingi, wakiwamo watoto waliokosa shule katika miaka ya dhiki. Hata hivyo, kila nizionapo humkumbuka mama yule, aliyejifunza kwa jasho halafu akakosa cha kusoma kwa ajili ya ulimi wangu.

Leo wako vijana wanaosomea ukutubi kule Bagamoyo, nao hutumwa kujifunza kazi kama nilivyotumwa mimi. Kama mwanao ni mmoja wao, mweleze kwamba siku ya kwanza akae na mkutubi wa mahali pale, awatazame wasomaji, ajue wanasoma wapi na kwa taa gani. Namba zitangoja.

Nawe, baba au mama wa mjini, fungua kabati lako la vioo. Wape watoto vitabu, uwafundishe kunawa mikono kabla ya kuvishika, lakini usiwagombeze mbele ya wageni kwa sababu ya ukurasa uliochanika. Uendapo likizo nyumbani, pamoja na sukari na sabuni, tia katika mzigo magazeti na vitabu ulivyokwisha soma. Huenda bibi yao aliwahi kufaulu hatua ya tatu, na ni miaka mingi hajaulizwa na mtu. Mwombe awasomee wajukuu ukurasa mmoja. Kitabu kikirudi na doa la mchuzi, kipokee kwa mikono miwili.