Mistari Ilipita, Alama Zikapotea: Jinsi ya Kuidhibiti Skrini ya Terminali

Mwaka jana nikiwa TP nilimshusha mwanafunzi kutoka nafasi ya 12 hadi ya 58 bila kujua. Sikuwa na kinyongo naye, wala sikukosea kusahihisha. Kompyuta iliniambia kuna tatizo, ila maneno yalipita kwenye skrini haraka kuliko macho yangu, na mimi nikajifanya nimeyaona.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tunatumia terminali, ile skrini nyeusi ya maandishi matupu, bila kufundishwa jambo la kwanza kabisa: namna ya kuyasimamisha maandishi ili uyasome. Wa Kompyuta wanaitumia, wa Takwimu wanaitumia, na siku hizi hata wa Elimu wakishika Python kwa ajili ya utafiti wanaikuta.

Ilikuwaje

Shule niliyopangiwa ilikuwa na kompyuta chache za zamani zilizowekewa Linux tupu, haina madirisha wala kipanya. Ukiwasha unakutana na weusi na kimstari kinachowaka na kuzima. Mwalimu wa taaluma aliposikia somo langu la pili la kufundishia ni Kompyuta, akasema, "Mwalimu, basi tusaidie matokeo ya kidato cha pili." Wanafunzi 214, masomo 9.

Nikaandika programu fupi ya Python. Inasoma faili la alama, inakokotoa wastani, na kwa kila mwanafunzi inachapa mstari mmoja kwenye skrini. Ikikutana na alama isiyosomeka, inachapa mstari unaoanza na neno KOSA, inaweka 0, kisha inaendelea. Nikaiendesha. Skrini ikatiririka kama mvua ya masika, chini kabisa ikaandika "Imekamilika". Nikafurahi. Orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kesho yake binti mmoja akanifuata.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mwalimu, Hesabu nilipata 70, karatasi yangu hii hapa. Pale ubaoni nimeandikiwa 0."

Aliyeingiza alama alibonyeza herufi O badala ya sifuri. Kwa jicho la mtu "7O" ni sabini, kwa Python si namba. Wastani wake ulikuwa 61, ukashuka hadi 53.2. Na mwalimu wa taaluma alikuwa ameshampigia mama yake simu kuuliza mtoto ana matatizo gani nyumbani. Niliporudi kukagua nikakuta walioumizwa ni watatu. Programu yangu iliwataja wote watatu. Walikuwa kule juu, kwenye mistari iliyokwisha kupita.

Kwa nini mistari inakimbia

Neno tty, ambalo Linux bado inalitumia kuita terminali, ni kifupi cha "teletype", mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na waya. Teletype Model 33 ya mwaka 1963 ilichapa herufi 10 kwa sekunde kwenye karatasi ya kukunja. Mstari wa herufi 70 ulichukua sekunde 7, na ukitaka kuona cha nyuma ulivuta karatasi ukasoma. Hakikupotea kitu.

Baadaye karatasi ikabadilishwa na kioo. Terminali ya VT100 iliyotoka 1978 ilikuwa na mistari 24, kila mmoja herufi 80. Mstari wa 25 ukiingia, wa kwanza unasukumwa juu na kutoweka. Terminali za leo zimerithi tabia hiyo hiyo. Programu yangu ilichapa mistari 218. Nikaona 24 ya mwisho, mingine 194 ikaenda zake.

Utasema: si uskroli tu juu? Kwenye dirisha la terminali la kisasa, sawa, mara nyingi Shift na PageUp vinakurudisha nyuma. Ila kumbukumbu hiyo ina kikomo. Na kwenye Linux isiyo na madirisha, sehemu kubwa ya uwezo huo iliondolewa mwaka 2020 katika toleo la 5.9 la kiini chake. Kwa hiyo kuskroli usikutegemee.

Kusimamisha: Ctrl+S na Ctrl+Q

Njia ya zamani kuliko zote ni Ctrl+S. Ukibonyeza, maandishi yanasimama. Ukibonyeza Ctrl+Q yanaendelea. Ni mabaki ya enzi za teletype, ambapo upande mmoja ulimwambia mwenzake "subiri kidogo".

Inafaa kwa programu inayochapa polepole kwa muda mrefu. Kwa programu kama yangu, inayomaliza kila kitu ndani ya sekunde moja, kidole hakiwahi. Lakini ijue hata kama huitumii, kwa sababu ina mtego. Mtu aliyezoea kuhifadhi kazi kwa Ctrl+S kwenye programu nyingine anaibonyeza kwenye terminali, kila kitu kinaganda, anadhani kompyuta imekufa, anazima umeme. Kazi kwishnei. Ukiona terminali imeganda ghafla, jaribu Ctrl+Q kwanza. Na zile herufi ulizokuwa unabonyeza kwa hasira zitatokea zote kwa mpigo, usishangae.

Kusoma ukurasa kwa ukurasa: less

Mwaka huo huo wa 1978, Daniel Halbert, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika programu iitwayo more. Kazi yake ni moja: kuonyesha maandishi skrini moja, kusimama, kusubiri ubonyeze kitufe. Ila ilikuwa ya kwenda mbele tu. Miaka ya 1980 Mark Nudelman akaandika nyingine inayokwenda mbele na nyuma, akaiita less kwa utani: "more" ni zaidi, "less" ni pungufu. Leo less ipo karibu kila Linux.

Ningeandika hivi tu:

python3 matokeo.py | less

Kile kistari cha wima ni kama bomba: kinachotoka kushoto hakimwagiki kwenye skrini, kinaingia kulia. Ukiwa ndani ya less, vitufe hivi vinatosha:

Spesi: mbele skrini moja.
b: nyuma skrini moja.
g: mwanzo kabisa. G kubwa: mwisho kabisa.
/KOSA kisha Enter: tafuta neno KOSA. n: litafute tena mbele.
q: toka.

Hiyo /KOSA ndiyo iliyonionyesha wale watatu kwa muda usiozidi dakika moja. Mistari yako ikiwa mirefu na inajikunja ovyo, tumia less -S, kisha usogee kwa mshale wa kulia. Ukitaka namba za mistari, less -N.

Kwa wenye Windows, kwenye cmd kuna more, unaitumia kwa bomba vilevile. Na dir /p husimama kila skrini inapojaa.

Usipotaka yote, ukitaka kuonja tu, head -n 20 inakupa mistari 20 ya mwanzo na tail -n 20 ya mwisho.

Kutenga makosa na matokeo

Hapa ndipo penye dawa yenyewe. Less inakusaidia kusoma, ila mtu aliyechoka saa nne usiku anaweza kuipita mistari mitatu kati ya 218 hata ikiwa imesimama. Bora makosa yasikae pamoja na matokeo.

Linux ina mikondo miwili ya kutolea maandishi: wa 1 kwa matokeo ya kawaida, wa 2 kwa makosa. Yote huishia kwenye skrini moja, ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. Kwenye Python, andika "import sys" juu, kisha ujumbe wa kosa uutume mkondo wa 2:

print("KOSA:", jina, file=sys.stderr)

Halafu endesha hivi:

python3 matokeo.py > matokeo.txt 2> makosa.txt

Alama ya > inaelekeza mkondo wa 1 kwenye faili, na 2> inaelekeza wa 2. Skrini inabaki kimya. Sasa uliza makosa.txt lina mistari mingapi:

wc -l makosa.txt

Likiwa 0, kabandike orodha. Likiwa 3, kuna watoto watatu wa kuwatafuta kabla hujalala.

Tahadhari mbili. Kwanza, alama ya > hufuta kilichokuwamo kwenye faili bila kukuuliza; ukitaka kuongeza chini yake tumia >>. Pili, bomba la kawaida hupitisha mkondo wa 1 peke yake. Ukitaka makosa nayo yaingie kwenye less, andika 2>&1 kabla ya kile kistari cha wima.

Ukiandika programu mwenyewe

Mwandishi wa programu anaweza pia kumhurumia msomaji. Ukijua kuna mtu atakaa mbele ya skrini, isimamishe mwenyewe kila baada ya mistari 20:

for i, mstari in enumerate(mistari, 1):
    print(mstari)
    if i % 20 == 0:
        input("Bonyeza Enter kuendelea...")

Usitake kukisia ukubwa wa skrini? Python ina shutil.get_terminal_size(), inakupa upana na urefu. Ikishindwa kupima inarudisha 80 kwa 24, vipimo vilevile vya VT100.

Na la muhimu kuliko yote, lililonifunza kwa aibu: kosa litajwe mwishoni. Badala ya "Imekamilika", programu yangu sasa inamaliza na "Imekamilika, alama 3 hazikusomeka", kwa sababu mstari wa mwisho ndio ambao kila mtu anauona. Pia haiweki 0 tena. Inaacha wazi. Sifuri ni alama, na mimi sikuwa na haki ya kumpa mtu alama ambayo hakuipata.

Ilivyoisha

Tulibandika orodha mpya siku iliyofuata. Mwalimu wa taaluma alimpigia tena yule mama, safari hii na mimi nikiwa pembeni, nikaomba simu nikaomba radhi mwenyewe. Mama akasema, "Haya mwalimu, mimi nilishamgombeza." Hiyo sina namna ya kuifuta.

Kwenye Mbinu za Kufundisha tunaambiwa mwalimu asifute ubao kabla darasa halijamaliza kunakili. Sote tunamkumbuka yule aliyekuwa anaandika kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto. Terminali ndivyo ilivyo, inafuta inavyoandika. Tofauti ni kwamba huyu ukimnyooshea mkono ukamwambia "mwalimu, subiri", anasubiri. Nami siku ile sikunyoosha.