Dawa ya Matufaha na Saa ya Kiwavi

Mkulima wa matufaha akishaona tundu lenye vumbi la kahawia kwenye tunda, amechelewa. Kiwavi yumo ndani, anaelekea kwenye mbegu, na hakuna dawa ya kunyunyizia itakayomfikia. Huyu ni mtoto wa nondo wa matufaha, Cydia pomonella. Jike hutaga yai mojamoja juu ya majani au tunda changa. Kiwavi akianguliwa hutambaa kutafuta pa kutoboa, na mara nyingi kabla siku haijaisha ameshaingia. Dawa ina kipindi hicho kifupi tu cha kufanya kazi.

Katika jimbo la Washington, Marekani, wakulima walijaribu kwanza kushinda kwa ukali wa sumu. Walitumia aseniki iliyochanganywa na madini ya risasi. Viwavi wakawa sugu, wakulima wakazidisha kupiga dawa, na masalia yake yamo katika udongo wa mashamba ya zamani hadi leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja DDT. Viwavi walipungua, lakini utitiri unaofyonza majani ukafumuka, maana DDT iliua pia utitiri mwingine unaoula. Mkulima akawa ananunua dawa ya pili kuponya madhara ya ile ya kwanza. Kwangu hii ndiyo hasara kubwa zaidi ya sumu inayoua kila kitu: humwondolea mkulima vibarua wasiodai ujira.

Mwaka 1963, nchini Meksiko, walipatikana viwavi wa nondo huyu waliokuwa wakiugua virusi. Kutokana na virusi hivyo ikatengenezwa dawa ya kibiolojia isiyodhuru nyuki, utitiri rafiki wala mlaji wa tunda. Ila haiui kwa kugusa. Lazima kiwavi aimeze, naye hufa baada ya siku kadhaa, pengine akiwa ameshaacha kovu dogo kwenye ganda. Tena jua huidhoofisha upesi, hivyo hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10 mayai yanapoendelea kuanguliwa.

Ndiyo maana ningemshauri mkulima anunue mtego wenye harufu ya nondo jike kabla ya kununua dawa yoyote. Madume yakianza kunaswa mfululizo, anaanza kuhesabu joto: kila siku anachukua wastani wa nyuzi za Selsiasi, anatoa 10, anajumlisha kinachobaki. Jumla ikikaribia 140, mayai ya kwanza yanaanguliwa. Hapo ndipo apige dawa, jioni, akihakikisha imelowesha matunda na majani ya kileleni.

Na asitegemee virusi peke yake. Mwaka 2005 nchini Ujerumani ilithibitika kwamba nondo wa baadhi ya mashamba yasiyotumia kemikali wamekuwa sugu hata kwa virusi hivyo, kwa kuwa dawa zote zilitokana na aina ileile ya Meksiko. Ikabidi zitafutwe aina nyingine za virusi, na wakulima wakahimizwa kutundika mitini vifaa vinavyotoa harufu ya jike, ili madume yapotee njia na mayai yapungue.