Zabibu za Dodoma na ujuzi wa kukamua

Zabibu ikishakatwa mtini haina subira. Kwa joto la Dodoma, kreti iliyojazwa alfajiri huanza kuvuja mchana, nzi wadogo huwahi kabla ya dalali, na baada ya siku mbili tatu bei aliyoitegemea mkulima imeshakatika. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Mbabala na Bihawana wanaijua vizuri hesabu hiyo. Mnunuzi naye anaijua, ndiyo maana hana haraka.

Tangu wamisionari Wakatoliki walipopanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, tatizo la zabibu ya Dodoma halijawahi kuwa kuzaa. Mzabibu hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa au Italia hawezi hata kuliota, kwa sababu baridi ya kwao huulaza mmea miezi kadhaa. Sisi baridi hiyo hatuna. Aina ya Makutupora nyekundu imezoea udongo wetu na ukame wetu, na Chenin Blanc nayo inazaa. Tatizo limekuwa ni nani atazipokea zabibu zote zikiiva pamoja. Kiwanda kikijaza matenki, foleni ya magari nje ya geti inageuka kuwa msiba wa kaya nzima.

Tunapozungumzia dawa ya tatizo hili, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye kiwanda kikubwa. Viwanda vinahitajika, sibishi. Lakini kipo chombo kidogo, kinachoenea kwenye kona ya banda, ambacho humpa mkulima kitu asichokuwa nacho sokoni, yaani muda. Chombo hicho ni kikamulio cha zabibu. Anayekijua akishakitumia, mzigo uliokuwa uoze kesho hugeuka mchuzi wa zabibu au mvinyo unaoweza kukaa mwaka na zaidi ukingoja bei. Nasema anayekijua, kwa sababu kukamua ni ujuzi, na sehemu kubwa ya ujuzi huo ni kujua pa kuishia.

Chombo chenyewe ni cha kale mno. Katika pango la Areni nchini Armenia wachimbuaji walikuta karakana ya mvinyo yenye umri wa miaka ipatayo 6,000: sakafu ya udongo iliyoinamishwa ili maji ya zabibu zilizokanyagwa yateremkie kwenye mtungi uliozikwa ardhini. Wamisri walichora kwenye makaburi yao watu wakisokota gunia la zabibu kwa miti miwili. Cato wa Roma, katika karne ya 2 kabla ya Kristo, aliandika vipimo vya shinikizo la boriti ndefu, na Plinio Mkubwa, karne ya kwanza baada ya Kristo, akaeleza lile la skrubu. Skrubu hiyo haijaondoka mpaka leo. Johannes Gutenberg wa Mainz, mji ulio katika nchi ya mizabibu ya mto Rhine, alipounda mtambo wake wa kuchapa karibu mwaka 1450 alitegemea kanuni ileile, kwa hiyo gazeti lina undugu na kikamulio.

Cha nyumbani kimejengeka hivi. Kuna sinia lenye mdomo wa kumiminia, na katikati yake umesimama mhimili wa chuma wenye skrubu. Kuuzunguka mhimili kuna tundu la vibanzi vya mbao vilivyopangwa kwa nafasi ndogondogo na kufungwa kwa pete za chuma. Zabibu hujazwa ndani ya tundu, juu yake huwekwa sahani nzito ya mbao na magogo madogo, kisha kichwa chenye mpini huzungushwa kuteremka. Maji hupita kwenye nafasi za vibanzi, na maganda na mbegu hubaki ndani.

Wengi wanaoanza huchanganya kazi mbili, kupasua na kukamua. Kupasua ni kulifungua ganda tu ili hamira iufikie utamu, na mikono safi au jozi ya roli hutosha. Kukamua ni kutenga maji na makapi. Ipi itangulie na lini inategemea mvinyo unaotakiwa. Kwa mvinyo mweupe, zabibu hukamuliwa siku ileile ya kuvunwa, kabla ya kuchachuka, na wengine huziingiza vichala vizima bila kuondoa vikonyo, kwa sababu vikonyo huacha njia za maji kupita. Kwa mwekundu, rangi imo kwenye ganda. Zabibu hupasuliwa, huondolewa vikonyo, huachwa zichachuke pamoja na maganda yake siku tano hadi nane hivi, na ndipo kikamulio hupata kazi.

Siku hizo ndizo zinazoamua kama siku ya kukamua itakuwa ya furaha. Gesi inayotoka husukuma maganda juu yakafanya tabaka nene, na tabaka hilo lisipozamishwa mara mbili au tatu kwa siku hukauka, nzi hutua, na siki huanzia hapo. Joto nalo ni la kuchunga. Likivuka nyuzi 30 ladha huanza kuharibika, na likipita 35 hamira yenyewe inaweza kukata roho na kuacha sukari kabla haijamalizwa. Ndiyo maana Dodoma zabibu za mvinyo zinafaa kukatwa alfajiri, na pipa kuwekwa kivulini na kufunikwa kitambaa kilicholowa. Mwenye haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, hufuatilia uzito wa maji ukishuka kila siku. Ukikaribia 1.000, sukari imekaribia kwisha na ni wakati wa kukamua. Ni vema kukamua gesi ikiwa bado inatoka kidogo, kwani gesi hiyo huukinga mvinyo na hewa wakati unapomiminwa huku na huku.

Usiku wa kuamkia kazi, tundu la mbao linyweshwe maji mpaka vibanzi vivimbe. Mbao kavu hunywa mvinyo, na ulioingia humo huoza na kukirudisha chombo mwakani na harufu ya siki. Kila kitakachogusa mvinyo kioshwe na kusuuzwa kwa maji yenye metabisalfiti ya potasiamu, si sabuni ya manukato. Na milango ifunguliwe. Gesi ya uchachukaji ni nzito kuliko hewa, hulala chini, na chumba kilichofungwa chenye mapipa kadhaa kinaweza kumwangusha mtu.

Siku ya kukamua, kinachotoka kwanza hakihitaji nguvu yoyote. Unateka kutoka kwenye pipa, unamimina kwenye tundu, na mvinyo unashuka wenyewe kwa uzito wake. Huu ndio bora kuliko wote, laini, wenye harufu ya tunda, na kwa mvinyo mwekundu ndio ulio mwingi. Aliyewahi kukamua nazi kwa kifumbu hahitaji kuelezwa zaidi: tui la kwanza lina heshima yake na la pili lina kazi yake, na mpishi hayachanganyi kabla ya kujua anapika nini. Hapa pia vyombo viwe viwili, cha mvinyo ulioshuka wenyewe na cha ule utakaotokana na mkono.

Kisha sahani huwekwa na mpini huzungushwa mpaka uanze kukataa. Hapo unaacha. Kwa maoni yangu, dakika hizi za kuacha ndizo kazi yenyewe, na ndizo zinazowashinda vijana wenye nguvu. Makapi yakibanwa kwa haraka, yale ya pembeni hukauka na kuziba nafasi za vibanzi kama ukuta, huku ya katikati yakiwa bado yamelowa. Ukiongeza nguvu, maji hayapati pa kupita, na kinachopasuka ni mbao au pete. Ukisubiri, maji ya katikati hutafuta njia yake taratibu. Mkondo ukipungua na kuwa matone, nusu mzunguko mwingine, kisha subira tena. Tundu moja linaweza kuchukua saa moja na nusu hata mbili. Ikibidi, fungua, vuruga makapi kwa mikono, panga upya, bana mara ya pili.

Na onja. Kila baada ya kubana, kinga kidogo kwenye glasi uonje, kwa kuwa hakuna kipimo cha nyumbani kinachoushinda ulimi hapa. Mwanzoni utamu wa tunda upo na ukali wake ni wa kupendeza. Baadaye ukakasi huongezeka, ule unaokausha fizi, kisha unakuja uchungu wa mbegu na ladha ya majani mabichi. Kadiri ubanaji unavyosonga, uchachu nao hupungua, kwa sababu potasiamu ya kwenye maganda hutoka na kuuvunja, na mvinyo usio na uchachu wa kutosha haukai. Ulimi ukishasema uchungu, kazi imekwisha, hata kama makapi bado yana unyevu.

Najua maneno haya ni magumu kwa mtu aliyepalilia, akapiga dawa, akabeba maji, kisha akaambiwa aache lita kadhaa kwenye makapi. Lakini tazama wanaofanya hivyo kwa sheria. Huko Champagne, Ufaransa, kilo 4,000 za zabibu zinaruhusiwa kutoa lita 2,550 tu. Lita 2,050 za kwanza ndizo zenye hadhi ya juu, 500 zinazofuata huhesabiwa kando, na chochote kitakachotoka baada ya hapo hakiwezi kuitwa shampeni. Hawa si watu wasiojua thamani ya tone. Wameijua kiasi cha kuandika mahali pa kuishia. Kwa mvinyo wetu mwekundu wa nyumbani, kilo 100 zikitoa lita 60 hadi 70 ni mavuno mema, chupa zipatazo 80 hadi 90. Anayejigamba kupata zaidi sana ya hapo aonje tena chupa zake baada ya miezi sita.

Vikamulio vilivyoundwa Ulaya huuzwa ghali vikishafika kwetu, lakini mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kazi hii. Fremu ya chuma na jeki ya gari hufanya kazi sawasawa na skrubu, pengine kwa wepesi zaidi. Mambo matatu tu yasipuuzwe. Kwanza, chuma kisichopakwa kisiguse mvinyo, na bati lenye zinki vilevile, kwa sababu uchachu wa zabibu huyala madini, ukaingiza ladha ya kutu na ukungu usiotulia. Chuma cha pua au rangi maalumu ya vyombo vya chakula ndiyo salama. Pili, mbao ziwe ngumu, zisizo na utomvu, harufu wala dawa ya kuzuia mchwa. Tatu, jeki ina nguvu ya tani nyingi na inaweza kulivunja tundu usoni pa mtu, tena ikivuja mafuta, pipa zima limepotea. Iwekewe kinga chini yake na ipampiwe kwa kiasi.

Dodoma ni mji wa dini nyingi, na wako wakulima wa zabibu wasiogusa kileo na wasiotaka kukitengeneza. Chombo hiki ni chao pia. Zabibu zikikamuliwa papo hapo, maji yake yakapashwa moto wa nyuzi 75 hadi 80 kwa dakika chache na kufungwa yakiwa moto kwenye chupa safi, hiyo ni juisi inayokaa miezi. Sioni kwa nini meza za harusi zetu zijae boksi za juisi za kutoka ng'ambo ilhali Mbabala zabibu zinamwagwa.

Makapi yasitupwe ovyo. Yakilazwa na majani makavu na samadi hadi yaoze vizuri, hurudi shambani kama mbolea, na mifugo hula kiasi. Wako watakaoshawishika kuyatia maji na kuyapika wapate gongo. Hapana. Ni kosa kisheria, na watu wamepofuka na kufa. Mvinyo uliochachuka tu haukusanyi sumu kwa namna ile. Mtambo wa kienyeji wa kunereka hukusanya.

Baada ya kukamua, mvinyo hujazwa kwenye chombo mpaka juu kabisa, hewa isipate nafasi, na mdomo huzibwa kwa kifaa kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Baada ya wiki mbili hivi machicha ya hamira hutulia chini, na mvinyo huhamishwa taratibu kwa mpira mwembamba. Wa kwanza na ule wa kubana huendelea kukaa mbalimbali. Miezi ikipita, huonjwa yote miwili, na mara nyingi ule mkali kidogo ukiongezwa kwa kipimo kwenye ule laini huupa mwili na rangi.

Wa kunywa nyumbani unaishia hapo. Anayetaka kuuza ana safari nyingine ya leseni na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na safari hiyo ni nzito kwa mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo vikundi vina maana. Kikamulio cha kilo 50 kwa mkupuo, kikijazwa mara nne kwa siku, kinamaliza kilo 200. Kaya kumi zikipanga zamu za kuvuna badala ya kuvuna zote wiki moja, chombo kimoja, haidromita moja na jengo moja lililokaguliwa vinazitosha. Mnunuzi akija na bei ya kuumiza, wanaweza kumjibu kwamba matenki yamefungwa na arudi kuzungumza mwezi ujao.