Mashine Isikilizayo Nyimbo

Mtu ashukaye Nkubu asubuhi, katika barabara itokayo Meru kwenda Embu, huisikia redio kabla hajasalimiwa, maana vibandani mwa chai, kwa kinyozi, na ndani ya matatu iliyojaa wanafunzi, Muuga FM na wenziwe hunena Kimeru tangu alfajiri, na baina ya habari na salamu hupigwa nyimbo ambazo hakuna mzee wala mtoto aliyetakwa idhini ya kuzisikia. Kwa sababu hiyo kanuni za utangazaji za Kenya zimezihifadhi saa za tangu kumi na moja alfajiri hadi nne usiku, yasipite humo maneno yasiyowafaa watoto.

Walakini hazina ya nyimbo za kituo siku hizi imo katika kompyuta, maelfu kwa maelfu. Nani atakayeketi kuzisikiliza zote? Ndipo inapoitwa mashine. Kwanza hutazama kama wimbo una alama ya onyo, ile ambayo makampuni ya santuri ya Marekani yalikubali mwaka 1985 kuibandika. Ukiwa hauna, kama usivyokuwa nayo aghalabu wimbo uliorekodiwa studio ya mtaani na kuletwa kwa flashi, programu huitenga sauti ya mwimbaji na ala, huigeuza kuwa maandishi, kisha huyapima kwa orodha ya maneno yaliyokatazwa.

Hapa ndipo lugha yetu inapoitia mashine mashakani. Herufi nne za mwanzo za “kumaliza” ni tusi, nayo programu isiyojua mipaka ya neno itaufungia hata wimbo wa kwaya imshukuruyo Mola kwa kumaliza mwaka. (Waingereza nao yaliwafika: mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe walikataliwa na kampuni ya intaneti ya AOL kufungua akaunti, kwa herufi zilizojificha katika jina la mji wao.) Ikiamrishwa itafute maneno mazima tu, kitenzi cha Kiswahili, kivaacho viambishi mbele na nyuma, kitaiponyoka, hivyo sharti ifundishwe kuufikia mzizi. Na Kimeru je? Whisper, programu mashuhuri ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa mwaka 2022 baada ya kufunzwa kwa saa 680,000 za sauti, inakijua Kiswahili kwa kiasi, ilhali Kimeru hakimo kabisa katika lugha zake.

Fauka ya hayo, tusi jipya halimo katika orodha yoyote. “Wamlambez” ya kundi la Sailors, ambayo mwaka 2019 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilitaka iishie vilabuni na baani, ilizaliwa katika Sheng, na watoto walikwisha kujua kuiitikia kabla kamusi haijapata habari.

Kwa hiyo mimi ningeiajiri mashine iwe karani, si kadhi: inipangie nyimbo za kusikilizwa kwanza, hukumu akae nayo mtu aliyelelewa Imenti, huko huko kwenye Nkubu. Kwani wimbo wa kusifu ndizi mbivu, usio na neno moja chafu, mashine itaupitisha mchana kutwa, ilhali dereva wa matatu, akimwona mama mkwe wake akipanda pale stendi ya Nkubu, mkono wake umekwisha fika penye kitufe cha sauti.