Kwa Nini Mtungi wa Gesi Hauna Kitako Bapa

Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Jorodom chini ya mlima Hanang, aliniuliza hivi: "Mwalimu, mtungi wa gesi ya kupikia umeviringana chini na juu, hata mafundi wamelazimika kuutilia pete ya chuma upate kusimama, mfano wa ngata chini ya chungu. Je, haikuwa rahisi kuufanya bapa tangu mwanzo, kama debe?"

Natufanye hesabu. Chukua mtungi wenye upana wa sentimeta 30. Eneo la kitako chake ni sentimeta za mraba 707. Gesi ikisukuma kwa nguvu ya kilo 7 juu ya kila sentimeta ya mraba, mzigo wote ni karibu tani 5, yaani magunia 50 ya mahindi, kila gunia kilo 100, juu ya bamba lisilozidi ungo mdogo!

Bamba bapa likitwikwa mzigo huo hupindika, kama ubao uliolazwa juu ya mfereji apitapo ng'ombe. Hubenuka katikati, na pale ukingoni lilipoungwa huumia sana. Bali bamba lililoviringana hutanuka tu, na kila sehemu huchukua fungu lake. Kwa mtungi wetu, kitako bapa kingetaka unene uzidio mara kumi ule wa ubavu. Nani angeubeba mtungi huo mpaka nyumbani?

Umbo lililo bora kwa nguvu ni nusu ya mpira kamili, ambalo latosha kwa nusu ya unene wa ubavu. Walakini ni refu, na kulikandamiza bamba mpaka liingie kina hicho ni kazi ya gharama. Kwa hiyo mafundi wengi huchagua umbo la yai lililolazwa, ambalo kina chake ni robo ya upana. Hilo hutaka unene sawasawa na ubavu. Liko na la tatu, lenye mgongo wa chini zaidi na kona ya mviringo mdogo ukingoni. Ni rahisi kulitengeneza, lakini ile kona ndiyo yenye taabu: ikiwa nusu-kipenyo chake ni sehemu 6 tu katika 100 za upana wa chombo, unene hupanda hata karibu mara moja na robo tatu ya ubavu. Tena bamba hukonda likikandamizwa, basi fundi huanza na lililo nene kidogo kuliko hesabu yake.

Mtu ataniuliza, mbona magari ya moshi yalikuwa na mabamba bapa? Ni kweli. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliiundia reli ya Afrika Mashariki magari makubwa 34, yakapewa majina ya milima, na mojawapo likaitwa Hanang. Mvuke wake ulisukuma kwa ratili 225 juu ya kila inchi ya mraba. Mabamba yalikuwa bapa kwa sababu mabomba mengi ya moshi yalipaswa kupenya humo. Na ili yasibenuke, yalishikizwa kwa fito nyingi za chuma. Mtungi hauna fito ndani yake.

Nimepata kumwona fundi mmoja wa magurudumu, tangi lake la upepo limeoza upande mmoja kwa kutu, anakata bamba bapa alichomelee pale. Nilimwonyesha hesabu hii juu ya mchanga. Akanijibu kwamba bamba lake ni nene. Nikamwuliza, nene kiasi gani? Lilikuwa sawa na ubavu. Akaliweka chini, akaenda kutafuta tangi jingine.

Na chombo kipya hujaribiwa kwa maji, kwa nguvu ipitayo ile ya kazi. Maji hayashindiliki kama upepo. Chombo kikipasuka, maji humwagika tu, wala vipande haviruki.