Mafunzo ya Viongozi wa Mitaa: Nani Aende, na Arudi na Nini

Mtaa wa West Indies mjini Eldoret una jina la visiwa vya mbali, lakini mambo yanayowashughulisha wakazi wake ni yale yale ya kila mtaa: maji, taka, mitaro, taa za njiani na usalama wa usiku. Mambo hayo hayatengenezwi na mtu mmoja, wala hayatengenezwi na Serikali peke yake. Yahitaji watu wa mtaani wenyewe wanaojua kuitisha mkutano, kuandika yaliyosemwa, kutunza fedha za wenzao na kupeleka shauri mahali panapostahili. Ndiyo sababu yapo mafunzo ya viongozi wa mitaa, yanayotolewa na makanisa, vyama na ofisi za Serikali. Wengi wanaposikia habari zake hudhani ya kuwa ni njia ya kupata cheti na posho ya siku tatu. Si hivyo, au haipasi kuwa hivyo.

Mafunzo ya namna hii si jambo jipya nchini Kenya. Katika mwaka wa 1925 ilifunguliwa huko Kabete, karibu na Nairobi, shule iliyoitwa Jeanes School, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana J. W. C. Dougall. Jina lilitoka Marekani. Bibi Anna T. Jeanes wa Philadelphia alitoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi wa mashambani katika majimbo ya kusini, na mwaka uliofuata mwalimu mweusi, Bibi Virginia Randolph wa Henrico katika jimbo la Virginia, akawa wa kwanza kufanya kazi kwa fedha hizo. Kazi yake haikuwa kufundisha darasa moja tu. Alizunguka kutoka shule hata shule, akiwasaidia walimu na kuwakusanya wazazi watengeneze majengo, bustani na mazingira ya watoto wao.

Huko Kabete mwalimu aliyechaguliwa alikuja pamoja na mke wake na watoto. Jamaa hao walikaa katika nyumba ndogo zilizopangwa kama kijiji, wakalima bustani zao, mume akajifunza kazi ya kuzitembelea shule za vijijini, na mke akajifunza malezi ya watoto, usafi na ushoni. Shauri lilikuwa jema: kama nyumba ya kiongozi mwenyewe haina choo kizuri, nani atamsikiliza akihubiri habari za vyoo? Baada ya Vita Kuu ya Pili shule hiyo iliwafundisha askari waliorudi na wafanyakazi wa maendeleo, na katika miaka ya 1950 viongozi wa vyama vya Maendeleo ya Wanawake walipata mafunzo huko. Mwaka 1961 mahali hapo pakawa chuo cha kuwafundisha watumishi wa Serikali, na hivi leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya.

Haifai kuyasifu mambo ya zamani kupita kiasi. Serikali ya kikoloni ilipenda kiongozi afundishe kuchimba vyoo na kupanda mboga, lakini haikupenda aulize kodi imekwenda wapi. Katika siku za Hali ya Hatari, watu wengi waliviona vyama vya maendeleo kuwa ni mkono wa Serikali uliovaa kitambaa kizuri, nao hawakukosa sababu. Kiongozi aliyechaguliwa kutoka juu hurudi kwa watu wake akiwa mgeni. Basi jambo la kwanza la kuuliza kuhusu mafunzo yo yote ni hili: nani amemchagua mtu huyu aende? Ikiwa ni wenzake wa mtaani, katika mkutano uliotangazwa, atakaporudi watakuwa na haki ya kumwuliza alichojifunza. Ikiwa amejichagua mwenyewe, au amechaguliwa na mtu mwenye kutafuta kura, hatakuwa na deni kwa mtu ye yote wa mtaa.

Watu wa Eldoret wanayo sababu yao ya kulitia maanani jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ilipatwa na machafuko, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji huo, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa kanisa kuu la Katoliki mjini. Askofu wa Eldoret wakati huo, Cornelius Korir, ambaye alifariki mwaka 2017, alikuwa amekwisha kuona vita vya namna hiyo tangu miaka ya 1990, na kwa muda mrefu alijaribu njia aliyoiita Amani Mashinani. Mwaka 2009 aliieleza katika kitabu.

Njia yake haikuanza na mkutano mkubwa wa hadhara wenye vipaza sauti na wageni wa heshima. Ilianza na mazungumzo ya watu wachache, kisha mikutano midogo ya kabila moja peke yake, ili watu watoe uchungu wao bila kuogopa. Baadaye ndipo pande mbili zilipokutanishwa, zikala pamoja, zikaambiana makosa. Mwishowe walifanya kazi moja yenye faida kwa wote, kama vile barabara au shule, ili kila upande uwe na hasara kama amani ikivunjika. Kazi hiyo haikuwezekana bila watu wa kawaida waliojifunza kuongoza mazungumzo: mzee wa mtaa, mama wa sokoni, kijana wa bodaboda. Askofu hawezi kuwa katika kila mlango saa nne za usiku, uvumi unapoanza kupita. Jirani aweza.

Sasa ni mambo gani mtu hufundishwa? Mafunzo mazuri hushughulika na mambo madogo. Mtu hufundishwa kuongoza mkutano bila kuupora, kuandika kumbukumbu zinazoweza kusomwa na mtu asiyekuwapo, kutunza daftari la fedha na kuhakikisha ya kuwa fedha za benki hazitolewi kwa sahihi ya mtu mmoja. Hufundishwa pia sheria zinazomhusu mkazi, na hapa ndipo wengi hufunguka macho.

Katiba ya mwaka 2010 yawapa wananchi haki ya kushiriki katika uongozi wa miji yao, na Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, haikuwekwa nje ya haki hiyo. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka siku. Mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka ufuatao wa fedha hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Mkazi anayepeleka malalamiko ya mtaro mwezi wa Juni, mvua ikiwa imekwisha kuingia nyumbani, amechelewa karibu mwaka mzima. Aliyefundishwa hupeleka barua mwezi wa Julai au Agosti, ikiwa na sahihi za majirani, nakala moja kwa ofisi ya wadi, nyingine kwa mwakilishi wa wadi, naye huhifadhi nakala iliyogongwa mhuri.

Tuseme jibu lisilo wazi limetoka, kwamba fedha za mtaro zilikwisha kutumika. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamruhusu raia kuiomba ofisi ya umma hesabu za kazi hiyo, na ofisi yapaswa kutoa uamuzi juu ya ombi lake katika muda wa siku 21. Hahitaji kupiga kelele wala kueleza sababu ya kuuliza. Wapo wanaoona jambo hili ni utovu wa adabu kwa wakubwa. Lakini fedha hizo ni za kodi, na mwenye mali kuuliza habari za mali yake hakumvunjia mtu heshima.

Wapangaji nao wasijitenge. Katika mitaa ya miji husemwa mara nyingi ya kuwa mambo ya mtaa ni ya wenye nyumba, kwa kuwa mpangaji aweza kuhama mwisho wa mwezi. Lakini maji machafu hayaulizi hati ya kiwanja, na mtoto wa mpangaji hupita njia ile ile yenye giza.

Anayetaka kujiunga na aulize kabla ya kuandika jina lake. Mafunzo ni ya siku ngapi, na je, saa zake zamfaa mtu anayefanya kazi ya kutwa au mama mwenye mtoto mchanga? Yatolewa kwa lugha gani? Nani analipa? Ikiwa yadaiwa ada kubwa na kuahidiwa kazi baadaye, ajihadhari. Baada ya mafunzo, je, kuna mtu atakayekuja mtaani kutazama kazi iliyofanyika, au ni cheti na kwaheri?

Mtaa nao una sehemu yake. Kabla mtu wao hajaondoka, wakazi wakubaliane juu ya kazi moja atakayoanza nayo akirudi, kama kuzibua mtaro mmoja au kufungua daftari la michango. Waweke na tarehe ya mkutano atakapotoa taarifa, na daftari lenyewe lisomwe hapo kwa sauti na mtu mwingine, si yeye.