Je, Wajua? Wazo la Inkubeta Lilitoka kwa Vifaranga

Je, wajua kuwa mtoto mchanga hatetemeki kwa baridi? Mtu mzima akipigwa na baridi meno hugongana, misuli hutikisika, na kule kutikisika ndiko kunakompa joto. Mtoto aliyezaliwa leo hana uwezo huo. Yeye huunguza mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyojibanza katikati ya mabega, shingoni na kandokando ya figo. Mafuta hayo hujazwa zaidi wiki za mwisho za ujauzito, kwa hiyo mtoto njiti huja na akiba kidogo, tena na ngozi nyembamba. Kumpasha joto kisha ukamwacha wazi ni kujaza maji pakacha.

Wala usidhani ni shida ya sehemu za baridi kama Makete au Limuru peke yake. Chukua Dar es Salaam mwezi wa Januari, chumba kina nyuzi 30. Mtoto anatoka tumboni penye nyuzi 37 au zaidi akiwa ameloa chepechepe, na juu ya kitanda panga boi linazunguka kwa sababu mama na mkunga wanatokwa jasho. Ule unyevu unapokauka mwilini mwake unaondoka na joto lake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 hadi 28, pasipo upepo, na joto la mtoto libaki kati ya 36.5 na 37.5.

Inkubeta, sanduku la kumtunzia mtoto joto hilo, ilianzia kwa kuku. Mwaka 1878, daktari wa uzazi Stéphane Tarnier aliona mashine za kutotolesha vifaranga kwenye bustani ya wanyama ya Paris, akamwomba fundi wa hapo, Odile Martin, amtengenezee ya watoto. Likatoka sanduku la mbao lenye kuta mbili zilizojazwa vumbi la mbao katikati, na maji ya moto chini. Kwa hesabu za hospitali yake, vifo vya watoto wenye uzito chini ya kilo 2 vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Miaka michache baadaye Alfred Auvard alilirahisisha: chupa za maji ya moto zinaingizwa chini, zikipoa zinabadilishwa. Kwa maneno mengine, inkubeta ya bei nafuu isiyohitaji umeme ilikuwapo kabla ya hii ya bei ghali.

Huko Marekani hospitali nyingi hazikujali. Ndiyo maana tangu 1903 hadi 1943 watoto njiti walitunzwa kwenye maonyesho ya Martin Couney huko Coney Island, New York, katikati ya bembea na michezo. Watazamaji walilipa senti 25 kuwachungulia, na kiingilio hicho ndicho kilicholipa manesi. Wazazi hawakutozwa kitu.

Je, wajua kilichozipata inkubeta 8 za msaada zilizopelekwa Meulaboh, Indonesia, baada ya tsunami ya Desemba 2004? Kufikia mwishoni mwa 2008 zote zilikuwa zimekufa. Umeme wa kupanda na kushuka na unyevunyevu wa tropiki vilizimaliza, na kitabu cha maelekezo ya matengenezo kilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wafanyakazi pale hawakuisoma. Hadithi hii haina ugeni kwa yeyote aliyewahi kuchungulia stoo ya hospitali zetu. Mashine inapokelewa kwa picha na hotuba, fyuzi moja inaungua, na kuanzia hapo ni meza ya kuwekea mafaili.

Kampuni ya ubunifu ya Design that Matters ya Marekani ilijibu kwa kuunda inkubeta ya vipuri vya gari: taa za mbele za Toyota zilitoa joto, feni ya dashibodi ikasukuma hewa, kengele ya mlango wa gari ikawa ya tahadhari, na betri ya pikipiki ikasubiri umeme ukatike. Hoja ilikuwa kwamba fundi gari yupo kila mji. Jarida la Time liliiweka kati ya uvumbuzi bora 50 wa 2010. Sifa zikajaa, lakini haikupata kiwanda cha kuitengeneza kwa wingi, na wabunifu wenyewe wakakiri hadharani kwamba walibuni kitu cha kupendeza macho kuliko cha kununulika. Kwangu mimi, Profesa Hippolite Amadi, Mnigeria wa Imperial College London, alikuwa na akili ya kifundi zaidi: alizichukua inkubeta zilizokufa katika hospitali za Nigeria, akabakiza maganda, akaweka mifumo mipya ndani.

Njia nyingine ni mfuko wa kumlaza mtoto uitwao Embrace: uliozaliwa darasani Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2007, hauna waya unaomgusa mtoto. Ndani yake hukaa pakiti ya kitu mfano wa nta. Ukiipasha inayeyuka, na inapoganda tena polepole inaachia joto la karibu nyuzi 37 kwa saa kadhaa. Wabunifu wake walipoupeleka kijijini Maharashtra, India, mama mmoja aliwaambia kwamba dawa za Kizungu ni kali mno, hivyo akiambiwa apashe hadi 37, yeye ataishia 30 kwa usalama. Kwa njiti hiyo ni hatari. Wabunifu hawakumhubiria, waliondoa namba, wakaweka alama ya kuonyesha kama pakiti iko tayari au bado.

Kuna rahisi zaidi ya hapo. Katika utafiti mmoja Lusaka, Zambia, watoto njiti na wenye uzito mdogo walivishwa mfuko wa nailoni hadi shingoni mara tu walipozaliwa, kichwa kikibaki nje. Karibu 6 kati ya 10 walikuwa na joto la kawaida saa moja baadaye. Waliotunzwa bila mfuko walikuwa kama 3 kati ya 10.

Na ile huduma ya kangaruu, njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, khanga juu? Ilianzishwa Bogotá, Colombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey kwa sababu watoto walikuwa wanabanana kwenye inkubeta chache. Kwa miaka mingi mtoto alipewa mama baada ya hali yake kutulia kwanza. Kisha Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zikajaribu kumweka kifuani mapema baada ya kuzaliwa, wakiwamo wenye uzito wa kilo 1 tu. Matokeo yalitoka 2021: vifo katika siku 28 za kwanza vilipungua kwa robo, na utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilikwisha kuonekana. WHO ikabadili mwongozo wake mwaka uliofuata. Sharti gumu liko kwenye nafasi: mama naye anahitaji kitanda ndani ya wodi ya watoto mahututi, na mtu wa kumpokea mtoto anapokwenda kuoga, awe baba, bibi au shangazi.